Bunduki Kando ya Birika

Karama, Dubai
6 Oktoba 2024

Baba Frida,

Salamu nyingi, uzipokee kabla sijaanza kelele zangu. Tulikubaliana simu iwe ya habari za Frida na za dharura tu, maana mimi na wewe kwenye simu hatukosi kugombana, na mengine yote tuandikiane. Basi hii ni ndefu, kaa chini.

Joto limepungua huku, nasi tumerudi kambini jangwani. Basi la kampuni linatuchukua hapa Karama mchana, tunafika kwenye mchanga jua likianza kulegea, tunatandika mazulia, tunawasha makaa. Wageni wanakuja na watoto wao, wanalala kwenye mahema hadi asubuhi. Mimi ni wa chai na mikate. Hakuna geti, hakuna ua, hakuna hata mbwa. Mkubwa wetu, Madam Ashwaq, anachokihesabu jioni ni visu vya jikoni tu, asije mtoto wa mtu akajikata.

Wiki iliyopita alikuja mgeni mmoja, mzungu mtu mzima, mpole kabisa. Akaniuliza bunduki ya kambi inawekwa wapi. Nilidhani ananitania. Akasema kwao halali kwenye hema mbali na watu bila bastola karibu, kwa sababu porini ukipiga kelele hakuna wa kukusikia. Madam Ashwaq akamjibu, "Sir, huku ukionekana na bunduki unalala jela, khalas. Hatari ya huku ni gari lako kuzama mchangani." Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikukumbuka wewe, unayelala kule ambako watu wanauana kwa sababu ya ngamia, na mkononi una fimbo.

Habari za njia za kaskazini tunazipata hata huku. Kila nikizisoma siweki simu chini mpaka nipate ujumbe kwamba umerudi Isiolo. Nakuomba, mume wangu, tafuta mtu mwenye bunduki atembee nawe, au uombe kibali uwe na yako. Siwezi kuendelea kuwamiminia watu chai huku roho yangu iko porini.

Mkeo,
Teresiah


Isiolo
27 Oktoba 2024

Mama Frida,

Nimeisoma nikiwa nimekaa chini kama ulivyoamuru. Frida hajambo, yuko kwa mama, na amerefuka hadi sare ya shule inamcheka.

Sasa bunduki. Kazi yangu unaijua kwa kuisikia, hujawahi kulala kambini kwangu, kwa hiyo nikueleze. Nikifika na wageni mahali pa kulala sitafuti kichaka cha kujificha. Napiga hema mahali peupe, nawasha moto wenye moshi mwingi, nateleka birika lile kubwa jeusi. Moshi ukionekana watu wanakuja. Wanakuja wachungaji, wanakuja wazee wao, wanakuja hata wale vijana ambao nikikutana nao njiani ningetubu dhambi zangu zote. Wanakunywa chai, tena ya sukari ya kutosha, wananiambia maji yako wapi na nani amepita. Kwa watu wa kule, aliyekunywa chai yako hawezi kukugeuka. Ataaibika mbele ya mama yake mzazi. Ndiyo sababu gunia la sukari napakia kabla ya dawa. Tangu nianze kazi hii sijaibiwa hata sufuria.

Na maziwa yetu analeta yule mama niliyekusimulia, tunayemwita Mama Maziwa. Alfajiri unasikia tu kibuyu kimewekwa mlangoni pa hema. Hapigi hodi. Kwao mwanamke aliyebeba maziwa ya alfajiri hasemi na mtu mpaka ayatue, wanasema baraka ya maziwa hutoka na maneno. Ukimsalimia anapita kama hakuoni. Akishatua ndipo atakusema mpaka uchoke, kwamba hema lako limekaa vibaya, kwamba ngamia wangu wamekonda, kwamba mke gani huyu anayekaa mbali hivyo.

Bunduki, mke wangu, ndiyo kitu pekee ambacho mtu wa kule angetamani kuninyang'anya. Kingine sina. Na mahali penye bunduki, nani atakuja kunywa chai?

Usiwe na wasiwasi.

Mumeo,
Onesmus


Karama
15 Novemba 2024

Baba Frida,

Umeandika vizuri, karibu nikubali. Lakini barua yako imefika siku moja na habari ya wale wasafiri waliopigwa risasi njiani, na wao pia nadhani walikuwa na sukari.

Sikiliza, nisemayo sasa nimeyafikiria kwa muda. Mkataba wangu unaisha Aprili. Madam Ashwaq ameniletea mwingine wa miaka miwili niweke sahihi, nikamwambia anipe muda. Ukimchukua mtu wa bunduki, narudi Aprili na sitoki tena. Usipomchukua, naweka sahihi, kwa sababu heri habari mbaya inikute huku nikiwa kazini kuliko inikute kitandani kwako nikisikilizia mlango. Nimemwandikia Nick pia. Yeye ndiye mwenye kampuni ya safari zenu, aache kujifanya haoni.

Kila mara nimekuwa nikikuuliza nikuletee nini kutoka Dubai. Sitaki kuleta kitu. Nataka nikukute.

Na huyo Mama Maziwa anayeuliza habari za mke wako, yeye ana mume? Naulizia tu.

Teresiah


Isiolo
8 Desemba 2024

Mama Frida,

Umenishinda. Nick aliniita dukani kwake akaniwekea barua yako mezani, akasema, "Bro, wacha kuringa. Wageni wenyewe siku hizi wanauliza kama tuko na security. Chukua askari, bibi arudi." Nikaona nyote mmenizunguka.

Anaitwa Wahid. Ni askari wa akiba, mtu mzima, amezaliwa na kukulia mjini, na bunduki yake ni ya serikali. Si mtu wa fujo. Anaswali kwa wakati, hapendi mzaha karibu na silaha, na akishika zamu hasinzii. Ungempenda.

Tumefanya naye safari ya kwanza. Wageni walifurahi, wakapiga naye picha. Niliwasha moto kama kawaida na birika likachemka, lakini hakuja mtu. Niliona watu wawili wakipita na mbuzi ng'ambo ya bonde, nikawapungia, wakaendelea na safari yao. Sukari nimerudi nayo karibu yote. Maziwa nilinunua ya pakiti kabla ya kuondoka, bahati nzuri, kwa sababu Mama Maziwa hakutokea. Na mume anaye, ikiwa bado unauliza. Ni mgonjwa wa miguu, hatoki.

Nimefanya ulivyotaka. Sasa nunua tiketi.

Onesmus


Karama
29 Desemba 2024

Mume wangu mpenzi,

Nimeisoma barua yako kwenye basi nikicheka peke yangu, hadi mwenzangu Carolyne akaniuliza kama nimepandishwa cheo. Nikamwambia zaidi ya hapo.

Tiketi ninayo. Ni ya Jumamosi, tarehe 26 Aprili, nitafika Nairobi mchana. Usimwambie Frida bado, nataka nimwone uso wake.

Umeona sasa? Safari nzima kimya, hakuna wa kukusumbua, hata sukari imebaki. Wale wote waliokuwa wakikuzunguka wamejua huchezewi. Nimelala usingizi ambao sijaulala tangu nifike nchi hii. Mwambie Wahid kwamba kuna mwanamke Dubai anamwombea kila siku, kwa dini yangu, na asikatae.

Kambini leo tulikuwa na familia kubwa kutoka Al Barsha, mabibi na wajukuu. Watoto walikimbia gizani kwenye mchanga bila mtu kuwaita. Nikasema moyoni, na wangu naye sasa analindwa.

Wako,
Terry


Isiolo
19 Januari 2025

Mama Frida,

Nafurahi kwamba unalala. Mimi usingizi wangu umekuwa wa vipande vipande.

Kimya unachokisifu sikipendi. Zamani nilikuwa nikijua kila kitu, nani ameoa, nani amepoteza mifugo, njia gani tuiepuke wiki hii. Sasa natembea kama mtu aliyezibwa masikio. Chai nawapikia wageni na Wahid, inayobaki namwaga. Juzi vijana watatu walikaa juu ya kilima mchana kutwa wakitutazama. Wawili kati yao nawajua, wamekunywa kwangu mara nyingi. Sikuweza kujua kama wananitazama mimi au wanaitazama bunduki. Wahid naye aliwatazama wao, na jioni ile hakula.

Kilichoniuma zaidi ni Mama Maziwa. Tulipiga kambi pale kisimani, karibu kabisa na kwake, na hakuja. Nimemtumia salamu kwa wachungaji kwamba bunduki haimhusu yeye, ni ya kunirudishia mke wangu, na kwamba tukirudi mwezi wa pili aje na kibuyu chake kama zamani. Wamesema watamfikishia.

Huenda nazeeka. Safari zimebaki chache kabla hujafika, nazihesabu.

Onesmus


Karama
9 Februari 2025

Baba Frida,

Maskini, kumbe wewe unawakumbuka wanywaji wako wa bure. Nimekusikitikia kweli, na nimeona aibu kidogo kwa yale maneno yangu kuhusu huyo mama. Nimefikiria, mwanamke mwenye mume asiyejiweza anaamka gizani kukupelekea maziwa, nami nakaa huku namwonea wivu.

Basi Ijumaa nilikwenda sokoni Al Ras nikamnunulia chupa ya chai, ile ya chuma yenye mpini wa dhahabu ambayo Waarabu wanaipenda. Muuzaji aliapa inakaa na moto hadi kesho yake. Carolyne anakuja huko likizo, nimempa aifikishe dukani kwa Nick. Mwambie Mama Maziwa imetoka kwa yule mke anayekaa mbali, na kwamba nikija nitamtembelea mwenyewe, anitukane uso kwa uso.

Wako wa Aprili,
Terry


Isiolo
2 Machi 2025

Mama Frida,

Carolyne amefika, chupa nimeipokea. Ni nzuri sana, asante.

Kwa sasa sisafiri. Kazi imesimama kidogo. Wahid hayupo tena nasi. Simu yangu ina shida, ukihitaji kitu mpigie mama. Frida hajambo.

Usihangaike.

Onesmus


Karama
16 Machi 2025

Onesmus,

Barua yako haijai hata kiganja. Nimeisoma kwa hamu nikidhani kuna karatasi nyingine imeanguka.

Carolyne amerudi, na amenieleza yale aliyoyaona. Anasema ulipokea chupa, ukatoka nje nayo ukamwacha amesimama na Nick. Anasema zizi halina ngamia hata mmoja. Nimempigia mama yako, anasema unaondoka nyumbani siku nyingi na husemi unakwenda wapi, ila unarudi unanuka moshi na maziwa.

Hujaniambia Mama Maziwa alisema nini kuhusu chupa yangu. Sisi wanawake si wajinga. Zimebaki wiki chache nifike, na mtu ambaye mkewe anafika haandiki hivi.

Niambie tu. Ni yeye, sivyo? Ni huyo Mama Maziwa.

Teresiah


Isiolo
30 Machi 2025

Terry,

Ndiyo, ni yeye. Amekufa.

Nilitaka nikuambie ukishafika, nikiwa nimekushika mkono, lakini siwezi kukuacha ukifikiri ulivyofikiri. Tulirudi pale kisimani katikati ya mwezi wa pili. Salamu zangu zilikuwa zimemfikia. Alfajiri nilikuwa nyuma ya ngamia nikiwafungua miguu, Wahid yuko upande wa mbele anamaliza zamu. Nikamsikia akiuliza, "Nani?" Akauliza tena, safari hii kwa lugha ya kule, kwa sauti ya kusikika. Hakujibiwa. Mimi nilichukua muda kuelewa, Mungu anisamehe, kwa sababu nilikuwa nimezoea kwamba hatokei. Nikaanza kupiga kelele, "Wahid, usi..." na risasi ikatoka.

Mama yule alikuwa ameinua kibuyu kwa mikono miwili ili Wahid akione. Ndilo jibu alilokuwa nalo. Kwa mwanga ule Wahid aliona mikono miwili imeinua kitu kirefu.

Wahid si mtu mbaya. Aliuliza kama alivyofundishwa, naye mama yule alinyamaza kama alivyofundishwa. Aliyekuwa anayajua ya wote wawili ni mimi peke yangu. Nilimwita aje, na sikumwambia Wahid jinsi anavyokuja. Mwezi mzima nilikuwa na nafasi ya kumwambia.

Jina lake ni Talaso. Nimelijua siku ya mazishi. Wahid yuko mahabusu, simu yangu polisi wameichukua na vitu vingine vya kambi. Wazee wa pande mbili walikaa, ngamia wangu wote wamekwenda kwa watu wake kuwa fidia, sikubishana. Mume wake hawezi kusimama, na mama yake ni kikongwe, kwa hiyo nakwenda kuwakamulia. Mama mkwe wako alinusa vizuri. Siku ya kwanza hakuna aliyenisemesha. Sasa wananionyesha ng'ombe gani ni mkali.

Chupa yako nimempa mama yake. Niliiweka chini bila kueleza, akaichukua.

Wewe unanifahamu, siwezi kukudanganya, kwa hiyo nitakwambia. Nikijiuliza kama nakulaumu, nakulaumu. Najilaumu mimi zaidi, lakini na wewe umo. Nikijiuliza kama nakupenda, nakupenda kama siku zote. Sijui vitu hivi viwili vitakaaje kwenye nyumba moja. Usiniulize sasa.

Onesmus


Karama
13 Aprili 2025

Onesmus,

Nilikuwa nimemwita malaya moyoni mwangu, na alikuwa ameshazikwa. Hilo ndilo linaloniamsha.

Sijui niandike nini. Nimejaribu mara nyingi nikachana. Kambini nilishindwa kumimina chai, Madam Ashwaq akanipeleka nyuma ya hema akanikalisha. Akaniuliza nani amekufa. Nikasema ni mama mmoja. Akauliza, "Mama yako?" Nikasema hapana, simjui, sijawahi kumwona. Akanishika kichwa tu. Sikuweza kumwambia kwamba ni mimi niliyempelekea bunduki nikiwa nimesimama hapa hapa, mahali ambapo hata kisu kinahesabiwa.

Uliniambia. Uliandika kwa mkono wako kwamba hakuna atakayekuja kunywa chai, nami niliposikia hawaji nikashangilia. Ulisema kimya hukipendi, mimi nikakununulia chupa.

Wewe bunduki ile hukuitaka. Uliichukua ili mimi nirudi. Sasa nikishuka kwenye ndege ile, nitakuwa nimekipokea kitu ambacho mama yule amekilipia kwa uhai wake. Nitakutazama mezani, nitakuona unajizuia kunilaumu, kwa sababu wewe ni mwema, na wema huo ndio utakaoniua. Umesema nisikuulize, basi sikuulizi. Nimeweka sahihi. Tiketi nimeirudisha.

Sikupigii kwa mama kwa sababu nikisikia sauti yako nitabadilisha nia. Anayeileta barua hii ni jirani yangu wa kitanda cha juu, anakwenda kwao Meru, ataiacha kwa Nick.

Mwambie mama yake Talaso... usimwambie kitu. Wakamulie tu.

Nakupenda. Nisamehe kwa kukuandikia neno hilo.

Teresiah


Isiolo
28 Aprili 2025

Terry,

Barua yako ilifika dukani kwa Nick Ijumaa jioni. Mimi nilikuwa nimeondoka na basi la asubuhi kwenda Nairobi.

Tarehe 26 sikuwa nimeisahau. Nilinyoa ndevu, nikavaa shati lile la harusi ya ndugu yako, nikalala kwa rafiki mmoja Nairobi ili nisichelewe. Frida sikumwambia, kama ulivyotaka, na namshukuru Mungu kwamba sikumwambia. Ningeweza kuomba simu ya mtu nikakuuliza kama bado unakuja. Sikutaka. Niliogopa utasema hapana, basi nikaona bora nisimame pale.

Ndege ilitua kwa wakati. Walitoka wengi, vijana wenye mizigo mikubwa ya plastiki, wanawake wanaolia wakikumbatiwa. Kila aliyevaa kitambaa cha kichwani nilimsogelea. Nilimsaidia mama mmoja kusukuma mkokoteni wake hadi kwenye gari, nikarudi mbio nikihofia umetoka nikiwa sipo. Baadaye askari wa pale akaniambia, "Mzee, hiyo ya Dubai imeisha, hakuna mtu ndani." Nikamwomba aangalie tena. Akaenda, ninamshukuru, akarudi akatikisa kichwa.

Nimeisoma barua yako leo, nikiwa nimesimama dukani, Nick amejifanya anapanga rafu. Sitabishana nawe. Yote uliyoyaandika ni kweli.

Ila kuna jambo moja hukulijua, na ni kosa langu sikuliandika. Ulidhani nikikuona nitakuwa najizuia. Sikuwa nimekuja kujizuia. Sikuwa nimekusamehe bado, Terry, wala mimi mwenyewe sijajisamehe. Nilikuwa nimekuja kukupokea tu. Nilidhani tungeanzia hapo.

Onesmus